Kubadili gia bila klachi kwenye GSX-R750: kwikishifta, shifta ya hewa, au niuze nitafute DCT?

#1 Mkazi_wa_Kwihara

Wakuu, mwangaluka.

Nipo Tabora, nina Suzuki GSX-R750 ya 2006, hii wanayoiita K6. Niliichukua mtumba, injini haijawahi kufunguliwa na gia zinaingia bila kelele. Shida yangu ni moja. Nikiwa nimefungua resi yote halafu nataka kupandisha gia, ile shughuli ya kuachia resi, kubana klachi, kupiga gia, kuachia klachi na kufungua tena inanikata mwendo. Pua inainama, kifua kinagonga tenki, pikipiki inayumba kidogo kabla haijashika tena. Nataka nipandishe gia resi ikiwa imefunguka vilevile.

Matumizi: barabara ya Nzega asubuhi na mapema kabla mifugo haijaanza kukatiza, safari za Dodoma kupitia Itigi na Manyoni, na nina hamu ya mbio za mstari mnyoofu kwenye eneo lililofungwa. Mjini naendesha kistaarabu, msije na mahubiri.

Nimesoma mpaka macho yameuma, nimebaki na njia nne. Kwanza kwikishifta, ile sensa ya kwenye fimbo ya gia inayokata moto kwa kitambo kidogo. Pili shifta ya hewa, yenye kitungi na kitufe kwenye usukani. Tatu shifta ya umeme, kitufe hichohicho ila inasukumwa na solenoidi. Nne niuze hii, nitafute pikipiki iliyotoka kiwandani ikijibadilishia gia, DCT (giaboksi ya klachi mbili) na ndugu zake.

Nani anacho kimojawapo? Naomba aliyeishi nacho, siyo aliyekiona kwenye video.

#2 Mgebuka_Mkavu

Nimeshaweka kiti huku mwisho wa reli, wataalamu wapite. Ila mkuu, uzi wa chuma kama hicho bila picha ni dhuluma.

#3 Boda_Isevya

Kaka, mbona hiyo ni bure? Sisi kwenye Boxer na TVS tunapandisha gia bila klachi toka asubuhi mpaka usiku. Unaweka mguu chini ya pedeli unaivuta kidogo, unaachia resi nukta moja, gia inajiingiza. Klachi tunaibana tukiondoka na tukisimama basi.

#4 Mkazi_wa_Kwihara

Mdogo wangu, nakubali, hata mimi nafanya hivyo. Lakini umeachia resi. Mimi nataka mkono wa kulia usifanye chochote. Halafu kushusha gia je?

#5 Boda_Isevya

Kushusha nabana klachi kaka, nisikudanganye. Bila klachi inagonga mpaka abiria anauliza.

#6 Fundi_Kanyenye

Ngoja niwapunguzie ubishi kwa kueleza kinachotokea mle ndani, maana mtu akishakielewa haulizii bei ya kitu asichokihitaji.

Kwenye giaboksi ya pikipiki gia zote zimeshikana meno muda wote. Kinachohama ni kucha za ubavuni. Uma unaisogeza gia moja, kucha zake zinaingia kwenye matundu ya gia jirani, na nguvu inapita hapo. Injini ikiwa inavuta, kucha hizo zimekandamizwa upande mmoja, na hata ukikanyaga pedeli kwa hasira hazichomoki. Zikipata nafuu kwa kitambo kifupi tu, zinateleza zenyewe.

Nafuu hiyo unaipata kwa kubana klachi, kwa kuachia resi, au kwa kukata moto. Boda_Isevya anatumia ya pili na hajakosea, mradi asiwe mvivu wa kuachia. Kijana anayelazimisha gia resi ikiwa nusu ndiye anayekula pembe za kucha zikawa za duara, na baada ya hapo gia inaanza kuruka yenyewe ukipanda kilima. Hizo nimezitoa nyingi, hasa gia ya pili.

Kwikishifta inatumia ya tatu. Sensa inasikia mguu unapoanza kusukuma, inakiambia kisanduku cha umeme cha kwikishifta, na kisanduku kinazima koili au nozeli za mafuta kwa milisekunde 50 mpaka 80 hivi, inategemea gia na mzunguko wa injini. Kukata kukiwa kufupi mno, kucha hazitoki. Kukiwa kurefu mno, unarudi kulekule kwenye pua kuinama. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili ndiko kugumu, kwa sababu nyutro iko katikati na tofauti ya mzunguko ni kubwa, kwa hiyo hapo panapewa muda mrefu kuliko ya tano kwenda ya sita. Kisanduku kizuri kinakuruhusu kupanga kila gia peke yake.

Kushusha ni habari nyingine kabisa. Ukiwa umefunga resi, tairi la nyuma ndilo linaloisukuma injini, na kucha zimekandamizwa upande wa pili. Kukata moto hapo hakusaidii, kwa sababu injini haivuti. Kinachotakiwa ni resi ipigwe kidogo ili mzunguko upande ulingane na gia ya chini. Pikipiki yenye resi ya umeme kompyuta yake inaweza kufungua yenyewe. K6 yako resi inavutwa na waya. Suzuki wenyewe walileta kwikishifta ya kupanda na kushuka kwenye GSX-R1000R ya 2017, na ile resi yake ni ya umeme. Wapo wanaouza vifaa vya kuvuta waya kwa mota ndogo. Mimi kitu kinachofungua resi bila mkono wa mwenye pikipiki, kilichofungwa na mtu wa mtaani, sikipandi.

Bahati yako K6 ina klachi ya kuteleza toka kiwandani. Ukishusha gia kwa pupa, inaachia kidogo badala ya kulifunga tairi la nyuma. Kwa hiyo kushusha endelea na klachi na kuipiga resi kidogo kwa mkono, kama ulivyofundishwa.

#7 Mgebuka_Mkavu

Fundi ameshusha darasa. Natoa kiti mbele nakaa chini.

#8 NusuMaili

Fundi heshima yako, lakini jamaa ametaja mbio za mstari mnyoofu na hapo kwikishifta ni nusu ya dawa. Mguu bado unafanya kazi. Umejilaza kwenye tenki, miguu uliyoinua wakati wa kuondoka bado unaitafutia pegi, na mzunguko umeshafika mwisho. Gia ya kwanza na ya pili zinaisha kabla hujamaliza kuvuta pumzi.

Shifta ya hewa inaondoa mguu. Kuna kitungi cha hewa au kaboni dayoksaidi, valvu ya umeme, na silinda ndogo yenye pistoni iliyofungwa kwenye mkono wa gia. Unabonyeza kitufe, wengi wanatumia kilekile cha honi, moto unakatika na pistoni inapiga gia. Inapiga kwa nguvu ileile uwe umetulia au unatetemeka. Wenzetu Marekani wanaifunga miaka na miaka, kampuni kama Pingel zinauza ya hewa na ya umeme. Wengine hata hawabebi kitungi, hewa inajazwa ndani ya ule mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma.

Na kabla hajaja mtu kusema "klachi imekufa", hapana. Kuondoka kwenye mstari bado kunataka klachi. Mbio zenyewe zinaamuliwa pale.

#9 Mkazi_wa_Kwihara

Mkuu NusuMaili, hewa ikiniishia Puge nafanyaje?

#10 NusuMaili

Unapiga gia kwa mguu. Pedeli haiondolewi. Silinda inakuwa mzigo mdogo tu pembeni.

#11 Fundi_Kanyenye

Na hewa ataijaza kwa nani? Kompresa za wajaza upepo wa tairi hapa mjini zina maji tumboni, wengi hawayamwagi. Maji hayo yakiingia kwenye valvu ndogo na silinda ya pistoni, baada ya muda mfupi kutu imeshafunga. Atahitaji kichujio cha maji, au atafute kaboni dayoksaidi na mtu wa kumjazia. Haishindikani, ila ni kero ya kila wiki kwa raha ya siku moja.

Ya umeme haina kero ya hewa, ila inanyonya umeme mwingi kwa mpigo mmoja. Betri ikichoka, solenoidi inapiga nusu. Gia nusu ni nyutro ya uongo: umefungua resi yote, injini haina mzigo, mzunguko unapaa. Usiombe.

Na zote mbili, zile za mbio, kawaida hufungwa za kupanda tu. Kushusha unabaki na mguu wako.

#12 Da_Mwandiga

Shikamooni mlionizidi, wengine mambo.

Nipo Kigoma. Kazini nimekabidhiwa Africa Twin ya DCT, naenda nayo Kasulu, Kibondo, Uvinza, lami na vumbi. Naona mnaipitia DCT haraka, ngoja niwape habari yake.

Ni giaboksi ya gia sita yenye klachi mbili. Klachi moja inashika gia ya kwanza, ya tatu na ya tano, nyingine ya pili, ya nne na ya sita. Ukiwa kwenye ya tatu, ya nne imeshaingizwa inasubiri. Kubadili ni klachi moja kuachia wakati nyingine inashika, kama wakimbiaji wanaopokezana kijiti bila yeyote kusimama. Hakuna pua kuinama. Hakuna mlio wa kukatika moto. Nikiwa na mzigo nyuma, sisikii gia ilipobadilika isipokuwa kwa sauti ya injini.

Honda waliileta kwanza kwenye VFR1200F ya 2010, halafu ikaenda kwenye NC700, Africa Twin mwaka 2016, na Gold Wing ya 2018 ikapewa ya gia saba. Kuna D ya kwenda taratibu, kuna S inayochelewa kupandisha gia na kuwahi kushusha, na unaweza kuchukua gia mwenyewe kwa vitufe vya mkono wa kushoto. D inapenda gia kubwa mapema mno. Nikiwa napita lori, siitegemei D, nashusha mwenyewe kwa kidole gumba kabla sijatoka upande wangu.

Sasa ubaya wake. Inaongeza kilo kama 10 ukilinganisha na ya klachi ya kawaida. Na mwendo wa kobe ni mtihani. Kwenye tope la masika au kugeuza pikipiki kwenye njia nyembamba, mtu wa klachi anabana nusu anacheza na nguvu. Mimi sina mkono wa klachi. Nilijifunza kushika breki ya nyuma kidogo huku natia resi, ndipo pikipiki ikatulia. Kuna kitufe cha G cha njia mbovu, kinapunguza kule kuteleza kwa klachi ili tairi liitikie resi moja kwa moja. Kwenye changarawe nakiwasha muda wote.

Kama swali ni kupanda gia bila kukata nguvu, DCT imelijibu vizuri kuliko vyote vilivyotajwa hapa. Lakini kaka wa Kwihara hawezi kuifunga kwenye Suzuki yake. Inazaliwa ndani ya injini.

#13 Mgebuka_Mkavu

Da' Mwandiga karibu sana, jirani yangu kumbe una mashine. Swali la kizushi: betri ikikufia Uvinza, vijana wakasukuma, inawaka?

#14 Da_Mwandiga

Haiwaki. Klachi zote mbili zinashikwa kwa msukumo wa mafuta, na injini ikiwa imezima zinakuwa zimeachia. Sukuma mpaka Malagarasi, tairi litazunguka peke yake. Ndiyo maana pia ina breki ya kuegeshea, kwa sababu huwezi kuiacha kwenye gia ikajizuia kilimani. Mimi natembea na kifaa kidogo cha kushtulia betri.

Nyingine: ina kichujio cha ziada cha mafuta kwa ajili ya klachi. Fundi asiyejua anabadilisha cha injini anasahau kile.

#15 Fundi_Kanyenye

Ahsante mwanangu kwa kusema ukweli wote. Wenye vitu vya bei huwa wanasifia tu.

#16 Mzee_wa_Sabini

Vijana mnaongea gia bila klachi kana kwamba imekuja na simu za kupangusa. Honda Super Cub ilitoka 1958 haina mkono wa klachi. Zile C50, C70 na C90 walizokuwa wakiendea kazini walimu na mabwana shamba ndizo hizo. Ukikanyaga pedeli klachi inaachia, ukiachia pedeli inashika, na ile ya kuondokea inashika yenyewe injini ikizunguka. Ukitaka isigonge, unaachia pedeli taratibu. Sisi hatukuwa na kompyuta, tulikuwa na kisigino.

#17 Mgebuka_Mkavu

Mzee shikamoo. Lakini C70 na GSX-R750 ukiziweka kwenye mstari mmoja...

#18 Mzee_wa_Sabini

Marahaba. Mimi nitafika. Nyie sijui.

#19 Kijana_wa_Gungu

Kwenye MotoGP si wanatumia DCT? Kwa nini asitafute hiyo hiyo ya mashindano?

#20 NusuMaili

Hapana dogo, MotoGP DCT imepigwa marufuku. Wanatumia giaboksi ambayo gia inayofuata inaingia kabla ya ile ya mwanzo kuachia kabisa, kwa hiyo nguvu haikatiki. Honda ndio walioanza nayo 2011 kwenye RC212V, mwaka aliochukua ubingwa Casey Stoner. Yamaha waliipata 2013. Vitu hivyo haviuzwi dukani na mafundi wao wanavifungua kila mara. Sahau.

#21 Mkazi_wa_Kwihara

Wakuu nimejifunza mengi. Nimalizie upande wa kununua nyingine: naona kuna Honda E-Clutch na Yamaha Y-AMT. Hizo nyepesi kuliko DCT, siyo? Kuna mwenye habari?

#22 Da_Mwandiga

Sijaziendesha, nakupa za kwenye maandishi ya watengenezaji tu. E-Clutch ilianza na CB650R na CBR650R za 2024. Mota zinabana na kuachia klachi ya kawaida, mguu wako bado unapiga gia, na mkono wa klachi upo palepale ukiutaka. Uzito wa ziada ni kilo 2 hivi. Y-AMT ilikuja mwaka huohuo kwenye MT-09: haina mkono wa klachi wala pedeli ya gia, unabonyeza vitufe au unaiacha ibadili yenyewe, kilo 2.8 za ziada. Yamaha waliwahi kujaribu kitu cha namna hiyo kwenye FJR1300 ya 2006, kikaitwa YCC-S. BMW nao wana ASA kwenye R1300GS, pedeli ipo, mkono wa klachi haupo.

Ningekuwa mimi na hela ya moja kati ya hizo, E-Clutch. Kifaa kikigoma, unabana klachi unaenda zako nyumbani.

#23 Fundi_Kanyenye

Umenitoa neno mdomoni. Mkazi_wa_Kwihara, swali la kujiuliza ni hili: kifaa kikizima kilomita 60 kutoka mjini, unabaki na nini? Kwikishifta ikifa kwa usalama, yaani imeacha kukata, unabaki na pikipiki ya kawaida. Shifta ya hewa hali kadhalika. DCT ikigoma, unatafuta lori la kuibeba, halafu unatafuta kompyuta ya kuisoma, na hiyo kompyuta hapa Tabora mimi sinayo.

Kwa hiyo kwangu ni kwikishifta ya kupanda peke yake. Kampuni za kuangalia zipo: Healtech ya Hungaria, Translogic ya Uingereza, na Dynojet kama utakuwa unafunga na Power Commander, kile kisanduku chao cha kupanga mafuta. Angalieni jambo moja. Power Commander V yenyewe inakata mafuta tu. Ukitaka ikate moto inahitaji kifaa kingine cha kuongezea. Kukata mafuta ni kulaini zaidi ila kunachelewa kidogo. Kukata moto ni kukali na kwa haraka, lakini mafuta yasiyochomwa yanaenda kuwaka kwenye ekzosi, ndiyo ile milio ya pa pa. Kama ekzosi yako bado ina kichujio cha moshi, milio hiyo itakiua.

Sasa kabla ya kununua chochote, nataka uangalie vitu hivi, kwa sababu asilimia kubwa ya wanaolalamikia kwikishifta wanalalamikia pikipiki mbovu.

Cheni. Ikiwa imelegea, kila kukata moto kunaiachia na kila kurudi kunaivuta kwa kishindo, na kishindo hicho kinaenda moja kwa moja kwenye kucha. Toa tairi la nyuma uangalie raba zilizo nyuma ya sproketi. K6 ya 2006 ambayo raba zake hazijawahi kubadilishwa zitakuwa zimeshalegea. Ukishika sproketi kwa mkono ikacheza sana, badilisha raba kwanza. Hela ndogo, tofauti kubwa.

Viungo vya fimbo ya gia. Vumbi letu la kiangazi linaingia kwenye vile vigololi vya mwisho wa fimbo vinakuwa na mchezo. Sensa inasikia mchezo huo badala ya mguu, inakata moto bila kuombwa. Ukiwa unapita tuta, pikipiki inakata. Unafikiri ni mafuta machafu, unasafisha pampu, unabadilisha plagi, kumbe ni kigololi.

Oili. Weka ya pikipiki yenye alama ya JASO MA au MA2. Oili nyingi za gari zina vilainishi vinavyofanya klachi ya kulowa, yaani inayoogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, iteleze. Na nunua kwa mtu unayemjua, zile chupa zilizofunguliwa zikafungwa upya zimejaa sokoni.

Na mguu wako. Wengi wana tabia ya kuegemeza buti chini ya pedeli. Ukiwa na sensa iliyowekwa nyepesi, buti hilo ni amri. Panga sensa iwe nzito kidogo kuliko unavyopenda.

#24 NusuMaili

Fundi, hapo sina ubishi ila naongeza: kama atakuja kwenye mstari mnyoofu na kupiga gia resi ikiwa yote, azikate kucha ziwe na mlalo. Zikichongwa kwa nyuzi chache, injini ikivuta zinavutana ndani badala ya kusukumana nje. Gia hairuki.

#25 Fundi_Kanyenye

Kwa pikipiki ya mashindano, sawa. Kwa mtu wa kwenda Dodoma, huko ni kupasua injini nzima kwa ajili ya shida asiyo nayo. Gia haziruki, tuziache. Tena kucha zenye mlalo zinahitaji kukatiwa moto vizuri zaidi ili zitoke, hivyo kila kitu kinabidi kipangwe upya.

#26 NusuMaili

Akianza kushinda atanitafuta.

#27 Boda_Isevya

Mimi naomba kuuliza, hiyo kwikishifta kwenye Boxer inafungika?

#28 Mgebuka_Mkavu

Mdogo wangu kifaa kitakuwa na thamani kuliko tenki lako na mafuta yake. Endelea na mguu.

#29 Fundi_Kanyenye

Inafungika kinadharia, koili ni moja tu. Ila kwa mwendo wako na mzunguko wako utaona inashtua kuliko kusaidia. Kwikishifta inapendeza mzunguko ukiwa juu na resi ikiwa imefunguka. Mjini, ukiwa kwenye kilomita 30 kwa saa na resi robo, hata kwenye GSX-R itakurusha kichwa. Kwa hiyo Mkazi_wa_Kwihara, ukitoka Cheyo mpaka ukimaliza mji tumia klachi. Visanduku vingi unaweza kuvipanga visifanye kazi chini ya mzunguko fulani. Anza na 5,000 uone.

#30 Mkazi_wa_Kwihara

Wakuu nimeamua. Kwikishifta ya kupanda, ya kukata kwenye koili, inayopangwa kwa simu ili nisimsumbue mtu. Ya hewa naiacha mpaka hayo mashindano yawepo kweli. DCT siiwezi kwa sasa, na nikisema ukweli Suzuki siiuzi.

Cheni na raba naanza navyo. Swali la mwisho kabla sijaagiza: wauzaji wananiuliza sensa ya kuvutwa au ya kusukumwa. Nichague ipi? Mmoja kasema GSX-R zote ni moja, mwingine kasema inategemea.

#31 Fundi_Kanyenye

Inategemea mkono wa gia umefungwaje, na hiyo yako imepita kwa watu wengine kabla yako, huenda walishaugeuza. Usibahatishe. Simamisha pikipiki kwenye stendi, injini imezimwa, mtu mmoja azungushe tairi la nyuma taratibu. Shika fimbo ya gia kwa vidole viwili, halafu kwa mkono mwingine inua pedeli kama unapandisha gia. Fimbo ikikwenda upande wa pedeli ikitoka kwenye injini, inavutwa. Ikiingia kuelekea injini, inasukumwa. Ukikuta pedeli yako inapandisha gia kwa kukanyaga chini, jua mtu ameshageuza, pima kwa kukanyaga.

Kama hela inaruhusu chukua ile sensa inayosikia pande zote mbili, utachagua kwenye programu yake. Na pima urefu wa fimbo yako na unene wa nati kabla ya kuagiza. Nyingi ni za milimita 6, ila K6 zilizowahi kuanguka huwa na fimbo ya pikipiki nyingine.

Ikifika nipigie, tuifunge Jumapili. Uje na mafuta ya kutosha, kupanga milisekunde hakufanyiki gereji, kunafanyika barabarani.

#32 Mgebuka_Mkavu

Na picha mkuu. PICHA.